Mwalimu wa Chekechea na Wakubwa Wake Wawili

Mwalimu wa chekechea katika shule ya umma ya Meru au Embu ana wakubwa wawili. Mshahara wake hutoka kwa serikali ya kaunti. Darasa lake limo ndani ya ua wa shule ya msingi, na mwalimu mkuu wa shule hiyo ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Ufunguo wa stoo, kengele, mkutano wa wazazi na sufuria ya uji viko chini ya mwalimu mkuu. Kandarasi, uhamisho na likizo ya uzazi viko chini ya kaunti. Hapo katikati limeachwa swali moja lisilo na mwenyewe: ni nani anayemsaidia mwalimu huyu afundishe vizuri mwaka huu kuliko alivyofundisha mwaka jana?

Mpangilio huo una chimbuko la kisheria. Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 lilizipa serikali za kaunti elimu ya chekechea, pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto. Shule za msingi na za upili zilibaki kwa serikali ya kitaifa. Ugatuzi ulipoanza kazi 2013, kaunti zikaanza kuajiri walimu kupitia bodi zao za utumishi wa umma, ilhali sheria ingali inamtaka kila mwalimu awe amesajiliwa na TSC. Kwa hiyo mwalimu wa PP1 na PP2, yaani wa watoto wa miaka minne na mitano, husajiliwa upande mmoja na kulipwa upande mwingine. Meru ina wadi 45 na watu zaidi ya milioni moja na nusu kwa hesabu ya 2019. Embu ina wadi 20 na watu wapatao laki sita. Ukubwa huo si jambo dogo kwa afisa wa kaunti anayetakiwa kufika Igembe Kaskazini, au kushuka kutoka mji wa Embu hadi nyanda kavu za Mbeere, kwa bodaboda na bajeti ya mafuta inayokwisha kabla ya muhula.

Chekechea yenyewe ni kongwe kuliko kaunti, na hata kuliko Wizara ya Elimu ya Kenya huru. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952, Embu na Meru zilikuwa wilaya za Mkoa wa Kati wa wakati ule. Kuanzia 1954 watu waliondolewa kwenye mashamba yao na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa. Akina mama walipelekwa kwenye kazi ya lazima, ikiwemo kuchimba ule mtaro mrefu uliopita ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya ili kuwatenga wapiganaji wa Mau Mau na vijiji vilivyowalisha. Mama akienda mtaroni, mtoto abaki na nani? Katika vijiji vya aina hiyo, watoto walikusanywa chini ya mwangalizi mmoja, wakalishwa na kuimbishwa hadi jioni. Wengi hudhani nasari ililetwa na wamishonari pamoja na abjadi. Sehemu kubwa ya mizizi yake katika nchi hii ni taabu ya akina mama waliokosa pa kuwaacha watoto.

Baada ya uhuru, Harambee ikaigeuza taabu hiyo kuwa fahari ya kijiji. Wazazi walikata miti, wakakandika udongo au wakachanga mabati, kisha wakamteua binti wa pale pale aliyejua kusoma awe mwalimu. Alilipwa kwa michango ya wazazi. Palipo na kahawa au chai, malipo yalikuja pamoja na bonasi; palipo na miraa, yalifuata bei ya sokoni; Mbeere yalingoja mvua. Hakuna aliyemwita binti huyo kiongozi, lakini kazi aliyoifanya ilikuwa ya uongozi kamili. Alihesabu michango, alituliza ugomvi wa wazazi, alipika, na aliamua peke yake watoto wafanye nini tangu asubuhi hadi adhuhuri. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha njia.

Jaribio la kwanza kubwa la kumpa binti huyo mtu wa aina hiyo lilianza 1971. Taasisi ya Elimu ya Kenya (KIE), ambayo leo ni KICD, ilianzisha mradi wa elimu ya chekechea kwa msaada wa wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi. Mwaka 1980 chekechea ilihamishwa kutoka wizara ya utamaduni na huduma za jamii kwenda Wizara ya Elimu. Mwaka 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa cha elimu ya chekechea, NACECE, na mwaka uliofuata vikaanza vituo vya wilaya vilivyojulikana kwa jina la DICECE. Jina hilo, gumu kutamka hata kwa Mwingereza, liliingia vinywani mwa walimu wa nasari likawa neno la kawaida: fulani amefanya DICECE, fulani bado.

Namna DICECE ilivyofundisha inastahili kuelezwa kwa utulivu, maana ndiyo hazina iliyosahaulika upesi mno. Kozi ilichukua miaka miwili, na mwalimu hakuacha kazi. Shule zilipofungwa Aprili, Agosti na Desemba, walimu walikusanyika bwenini kwa masomo. Vikao kama hivyo vilikuwa sita. Shule zilipofunguliwa walirudi kwenye madarasa yao, na mkufunzi aliwafuata huko huko. Aliketi nyuma kwenye kigoda cha mtoto, akatazama, akaandika, na watoto walipotoka kwenda kucheza akazungumza na mwalimu juu ya alichokiona. Somo la Aprili lilijaribiwa Mei, likasahihishwa Juni, na Agosti mwalimu akarudi bwenini akiwa na maswali yake mwenyewe. Katika mazungumzo ya leo jambo hilo hupewa majina marefu. Wakati ule liliitwa kutembelewa.

Mkufunzi wa wilaya alikuwa pia mkusanyaji. NACECE ilizitaka wilaya zitafute hadithi, nyimbo, vitendawili na michezo ya watoto kwa lugha za kwao, kwa kushirikiana na wazazi na wazee, kisha zitumike darasani. Vifaa vya kufundishia vilitengenezwa kwa vilivyopo: magunzi ya mahindi, vizibo vya chupa, mbegu za maharagwe, udongo wa mfinyanzi. Mwalimu aliyefunzwa hivyo hakungoja katoni la vifaa kutoka Nairobi. Katika mashamba ya makadamia ya Embu na Meru, maganda magumu ya kokwa yanayotupwa hutosha kumfundisha mtoto kupanga, kulinganisha na kuhesabu hadi ishirini.

Mfumo huo ulikuwa na kasoro zake. Karo ya kozi ililipwa na mwalimu ambaye mshahara wake ulikuwa haba na wa msimu, na magari ya kuwafikisha wakufunzi mashinani hayakutosha. Halafu Januari 2003 serikali ikafuta karo katika shule za msingi, ikaiacha chekechea nje. Wazazi wakapiga hesabu ya wazi: nasari inalipiwa, darasa la kwanza ni bure. Katika sehemu nyingi za nchi watoto waliruka nasari au waliondolewa kabla ya wakati, na mwalimu aliyeishi kwa michango akabaki na viti vitupu. Sera ya kitaifa ya malezi na makuzi ya mtoto, pamoja na viwango vyake vya huduma, ilikuja 2006. Ilikuwa sera nzuri isiyo na mfuko wa kuilipia.

Ugatuzi ulitibu donda moja na kufungua jingine. Donda lililotibiwa ni mshahara. Kwa mara ya kwanza walimu wengi wa chekechea walikuwa na mwajiri wa serikali, ingawa kwa wengi ajira ilianza kwa kandarasi, na madai ya kuajiriwa kwa masharti ya kudumu na pensheni yamekuwa wimbo wa kila bajeti katika kaunti nyingi. Donda lililofunguka ni lile la kutembelewa. Wakufunzi wa DICECE walikuwa watu wa serikali ya kitaifa. Walimu wakawa wa kaunti. Mnyororo uliotoka KIE hadi kigoda cha nyuma darasani ukakatika katikati, na kaunti, zilizokuwa na haraka ya kujenga madarasa yanayoonekana kutoka barabarani, hazikuwa na haraka kama hiyo ya kuuunga. Jengo huzinduliwa kwa utepe na hotuba. Ziara ya mkufunzi haina utepe.

Upande wa pili wa ua, mwalimu wa Gredi ya 1 aliendelea kupata msaada. Mpango wa kufundisha kusoma uitwao Tusome, ulioanza 2015, uliwatuma maafisa wa TSC wa kusaidia mtaala wakiwa na tabuleti za kuandikia walichokiona darasani, na nauli zao zikarejeshwa kulingana na ziara walizofanya. Mwaka 2016 TSC ilianzisha tathmini ya walimu iitwayo TPAD, na 2021 ikazindua mafunzo ya lazima ya maendeleo ya kitaaluma, TPD, yaliyotolewa na taasisi kama Chuo Kikuu cha Kenyatta na taasisi ya usimamizi wa elimu, KEMI, kwa gharama ya mwalimu mwenyewe. Walimu waliyalalamikia mno. Hata hivyo ulikuwa mfumo, mbaya au mzuri, nao ulijengwa kwa ajili ya waajiriwa wa TSC. Mwalimu wa PP2, ambaye ukuta wa darasa lake unagusana na ukuta wa Gredi ya 1, alibaki nje ya mfumo huo, akitegemea semina ya kaunti itakapotokea.

Hapa ndipo mwalimu mkuu anapoingia, na hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo. Tangu 1985 hadi 2023 shule ya msingi nchini Kenya ilipimwa kwa mtihani wa KCPE. Mwalimu mkuu alipanda cheo, alisifiwa au alifukuzwa na wazazi wenye hasira kwa sababu ya wastani wa darasa la nane. Mtoto aliyeingia nasari alihitaji karibu muongo mzima kabla jina lake halijafika kwenye orodha hiyo, na kufikia wakati huo mwalimu mkuu alikuwa ameshahamishwa mara mbili. Hakukuwa na sababu ya kazi ya kumfanya aingie darasa la chekechea isipokuwa kuhesabu madawati. Wengi wao ni wanaume waliofundisha madarasa ya juu. Walimu wa chekechea karibu wote ni wanawake. Tofauti hiyo nayo ina uzito katika jamii ambayo mwanamke kijana haambiwi kwa urahisi aseme kwanza kikaoni.

Mwalimu mkuu asiyejua chekechea hufanya makosa yanayotabirika. Akiona watoto wanacheza na udongo huuliza ni lini watasoma. Akikosa mwalimu wa Gredi ya 3 humchukua mwalimu wa PP1 akashike zamu, na watoto wa miaka minne wakafungiwa na wa miaka mitano. Akipata fedha za ukarabati huanzia darasa la juu na kuishia kabla ya choo cha watoto wadogo, ambacho tundu lake ni pana mno kwa mtoto wa miaka minne. Anayejua hufanya mambo madogo ambayo hayaandikwi popote. Huweka maji ya kunawa karibu na mlango wa PP1. Hulinda saa ya michezo dhidi ya mazoezi ya gwaride. Humwachia mwalimu wa PP2 asubuhi moja kwa mwezi akae nyuma ya darasa la mwenzake. Akiitisha kikao cha walimu, mwalimu wa chekechea huketi mezani badala ya kutumwa achemshe chai.

Suala la lugha ndilo mtihani mkali zaidi wa uongozi huo. Tangu ripoti ya tume ya Gachathi ya 1976, sera ya Kenya imesema mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya mahali alipo, na mtaala wa umilisi ulioanza kote nchini 2019 umeendeleza msimamo huo. Kijijini Tigania lugha hiyo ni Kimeru cha Tigania. Runyenjes ni Kiembu. Siakago ni Kimbeere. Mjini Maua, Nkubu au Embu kwenyewe, darasa moja lina watoto wa lugha tatu, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Lakini mzazi aliyepita mbele ya akademia ya kibinafsi na kumsikia mtoto wa jirani akiimba kwa Kiingereza hataki kusikia habari za Kimeru darasani. Huuliza ada yake inanunua nini. Mwalimu kijana, peke yake, hawezi kushindana na swali hilo. Atakimbilia kuwakaririsha watoto maneno ya Kiingereza wasiyoyaelewa, mzazi afurahi. Akiwa na kiongozi nyuma yake, jibu huwa jingine. Mzazi huitwa aketi darasani saa nzima na kumsikia mwanawe akisimulia, kwa lugha ya nyumbani, jinsi mbuzi alivyomtoroka mtoni, kwa mpangilio wa mwanzo, kati na mwisho. Hiyo ndiyo kazi ya kusoma kabla ya herufi, na mzazi akiiona hahitaji kuhubiriwa.

Embu ina sababu yake ya pekee ya kulichukulia jambo la watoto wadogo kwa ushahidi kuliko kwa mazoea. Katika eneo la Kyeni, watafiti wa Marekani na wa Kenya walifuatilia lishe ya familia katikati ya miaka ya 1980. Kuanzia 1998 walirudi na kuzigawa shule 12 za msingi katika makundi manne. Watoto wa darasa la kwanza walipewa githeri, yaani mahindi na maharagwe, saa nne asubuhi: kundi moja githeri iliyoongezwa mafuta, la pili githeri na bilauri ya maziwa, la tatu githeri yenye nyama ya kusaga. Kundi la nne halikupewa chakula shuleni, na familia zake zilipewa mbuzi. Utafiti ulipokamilika, watoto wa kundi la nyama ndio waliopiga hatua kubwa zaidi katika jaribio la kufikiri kwa michoro. Jambo jingine lilionekana uwanjani: watoto hao walicheza kwa nguvu zaidi, walianzisha michezo na kuwaongoza wenzao. Uongozi, katika umri huo, una kiasi chake cha chuma na vitamini B12.

Wilaya hiyo hiyo ilitoa matokeo mengine yaliyosomwa duniani kote. Watafiti walipolinganisha alama za watoto wa 1984 na za watoto wa 1998 katika jaribio lile lile la michoro, kizazi cha pili kilikuwa mbele sana. Walitaja sababu zinazoelekea kuchangia: wazazi waliosoma zaidi, familia zilizopungua ukubwa, na lishe na afya bora. Hakuna hata moja inayoanzia ubaoni. Kwa mwalimu mkuu wa Kyeni au wa Igembe, maana yake ni kwamba kuamua kama uji utapikwa, nani ataleta kuni, na kama mboga au dagaa zitaongezwa kwenye githeri ni uamuzi wa kitaaluma sawa na kuchagua kitabu. Katika maeneo ya miraa, ambako mzazi huondoka alfajiri kwenda kuchuma, uji wa saa nne huenda ukawa ndio chakula cha kwanza cha siku.

Eneo hili halina uhaba wa mahali pa kusomea ualimu. Lina vyuo vya umma vya ualimu vya Meru, Egoji na Kigari, na vyuo vikuu vya Embu, Methodist (KeMU) na Meru kilichoko Nchiru. Mwaka 2021 vyuo vya umma vya ualimu viliacha cheti cha P1 na kuanza stashahada ya miaka mitatu, ikiwemo ya elimu ya chekechea, kwa waliopata wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne, KCSE. Kiwango kimepanda, na hilo ni jema. Lakini mwalimu aliye kazini kwa miaka kumi na mitano, mwenye cheti cha DICECE na karo ya wanawe ya kulipa, hawezi kuhamia bwenini miaka mitatu. Kozi ya jioni au ya likizo humpa karatasi ya kupandia cheo. Haimpi mtu wa kumtazama akifundisha.

Pwani ilikwisha kuonyesha kwamba mtu huyo anaweza kupatikana bila gharama ya chuo. Mpango wa madrasa za chekechea ulioanzia Mombasa 1986, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan na kazi ya Bi Swafiya Said, ulichukua wanawake wa mtaani, ukawafunza, kisha wakufunzi wakaendelea kuwatembelea madarasani kwa muda mrefu baada ya mafunzo. Ulivuka hadi Zanzibar na Uganda. Ufundi wake haukuwa tofauti sana na ule wa DICECE. Tofauti ni kwamba mlolongo wa ziara haukukatwa na mabadiliko ya serikali.

Meru na Embu zina umbo jingine lililo tayari. Walimu wa chekechea wa wadi moja karibu wote wanajuana, na wengi wamo katika chama kimoja au kingine cha kuzungushiana fedha, chenye mwenyekiti, mweka hazina na daftari. Katika chama kuna nidhamu ambayo semina haijaifikia: anayekosa hutozwa faini. Kaunti ikiwapa walimu hao mchana mmoja wa mwezi, nauli, na mwalimu mmoja mzoefu aliyeachiliwa siku mbili kwa juma aende kwa wenzake, kazi ya mkufunzi wa wilaya itakuwa imerudi kwa jina jingine. Inataka uamuzi wa bodi ya utumishi wa kaunti kumtambua mwalimu mzoefu kwa cheo na posho, ili asilazimike kupanda kwa kutolewa darasani na kupewa kiti ofisini.

Jopo la Rais la mageuzi ya elimu lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu lilipendekeza, katika ripoti yake ya 2023, kwamba chekechea, msingi na sekondari msingi ziendeshwe kama shule moja chini ya mkuu mmoja. Pendekezo hilo huondoa utata wa ufunguo wa stoo. Haliondoi utata wa mshahara, kwa kuwa Katiba ingali inaiacha chekechea kwa kaunti, wala halimfundishi mkuu huyo jinsi ya kumtazama mtoto wa miaka minne akipanga vizibo.

Kila Januari mtoto wa PP2 hutoka darasa la kaunti na kuingia darasa la TSC, mara nyingi hatua chache tu kutoka mlango hadi mlango. Mtaala unamtaka aende na rekodi yake: anachoweza kusimulia, anavyoshika kalamu, anachoogopa, macho yanayohitaji kupimwa. Rekodi hiyo huwa na maana mwalimu mkuu akiwakalisha walimu hao wawili meza moja mwishoni mwa muhula wa tatu, wakapitia jina baada ya jina. Wasipokaa, mwalimu wa Gredi ya 1 huanza upya na kutumia sehemu kubwa ya muhula wa kwanza akitafuta mambo ambayo jirani yake wa ukutani amekuwa akiyajua mwaka mzima.